Filimbi Yangu Yapanda Iten

Jumamosi, 10 Januari

Siku mbaya. Gichuru anataka filimbi yangu.

Hakusema hivyo, bila shaka. Gichuru ni mtu wa Kahawa Sukari, mtaa wa wastaarabu, hasemi kitu wazi. Alingoja tumalize mbio za asubuhi, tumekaa kwenye nyasi za uwanja wa Ruiru tunakunywa maji, akasimama na ile saa yake inayopima mapigo ya moyo. Akasema klabu imekua, sasa iwe ya wakimbiaji kweli kweli. Akapendekeza twende Iten wikendi moja kabla mwezi haujaisha, tulale kule milimani, tukimbie na wanaojua kukimbia. Halafu akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kajambo kadogo, kwamba Iten watu hukimbia kimya. Hakuna nyimbo, hakuna filimbi. Kabla ya kurudi tutapiga kura kama sisi pia tufuate mtindo huo.

Watu wakapiga makofi. Hata Wamboi, katibu wetu, ambaye nilidhani yuko upande wangu.

Klabu ya Amka Ruiru bila filimbi ni nini? Tunapita mitaani alfajiri kwa mistari miwili, tisheti za kijani, mimi mbele napuliza na kuita, "Nani amelala?" Wote nyuma wanaitikia, "Si sisi!" Watoto wanatoka getini. Wenye maduka wanatupungia mkono. Ukiniondolea filimbi nabaki Musembi wa kiwanda cha juisi, mwenye kitambi. Nimeandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Kuna wanaosema kiongozi wa nyimbo anafaa kufika mwisho wa mbio. Mke wangu Warigia, naye mwanaklabu, ni mmoja wao. Ati kila Jumamosi nafika kituo cha petroli, nasema nabaki kukagua walio nyuma, kisha napatikana uwanjani mbele ya kila mtu, shati kavu. Hayo ni mambo ya uongozi. Lazima mtu apokee watu wake, na boda boda si dhambi.

Basi nikainua mkono haraka. Nikasema safari kubwa namna hiyo haiendi bila kamati, na mimi niko tayari kuwa mwenyekiti. Nani Kenya hii amewahi kukataa kamati? Nimepita bila kupingwa. Sasa safari iko mikononi mwangu.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya kanisa nimempigia simu mama mmoja wa Iten anayekodisha vyumba kwa wanariadha. Anaitwa Mama Jelimo. Sauti ya upole sana. Akauliza sisi ni watu wa aina gani. Nikaona nikisema ni watu wa kunyoosha miguu tu atatupa vyumba vya karibu na ng'ombe. Nikamwambia ni kikosi cha wanariadha kutoka Ruiru, tuko kwenye maandalizi. Akafurahi, akasema atatutunza kama watoto wake.

Halafu akauliza mkali wetu ni nani.

Hapo wazo likanijia. Nikasema ni Gichuru. Nikamsifu Gichuru mpaka nikajishangaa. Nikasema ndoto yake ni kukimbia na wakali wa huko Jumamosi alfajiri. Mama Jelimo akasema hilo ni rahisi, mpwa wake Kimaiyo ana kundi, atampitia mlangoni.

Mpango ni huu. Gichuru atakimbia na wakali. Gichuru atanyolewa bila maji. Atarudi akitambaa, na mtu anayetambaa hana sauti ya kupigia debe mambo ya kimya. Wakati huo mimi niko na klabu, naimba. Kura zote zangu.

Warigia alikuwa anakunja nguo. Akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema ni mahubiri ya leo yamenigusa.

Jumanne, 13 Januari

Gichuru ametuma ujumbe mrefu kwenye grupu ya WhatsApp. Ati Iten iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, mtu wa Ruiru anaweza kukosa pumzi akifunga kamba za viatu. Ati tena kuna baridi. Akamaliza kwa picha ya mlima.

Nikafikiria. Kiwandani tuna chumba cha baridi tunamoweka mapipa ya rojo la mananasi. Hakuna mlima unaoshinda chumba hicho. Saa ya lanchi nikaingia na jaketi na kamba ya kuruka. Niliruka vizuri kabisa. Nikapuliza filimbi kidogo, nione kama baridi itaizuia.

Haikuizuia. Kuta za chuma ziliirudisha ile sauti mara kumi, na wenzangu huko nje wakadhani ni king'ora cha hatari. Laini nzima ikasimama. Watu wakatoka, wakapanga mstari uwanjani, wakaitwa majina. Akakosekana mmoja.

Madam Nadira, msimamizi wetu, alinipata nyuma ya mapipa. Akaniuliza kwa utulivu ninafanya nini. Nikasema nazoea mwinuko. Akatazama sakafu, akanitazama, akasema hapa tuko chini kabisa, Bwana Musembi, hata ngazi hakuna. Sijawahi kuona mtu akijizuia kucheka kwa bidii hivyo. Amenipa onyo la mdomo na kikombe cha chai ya tangawizi.

Nafikiri mapafu yamefunguka kidogo.

Alhamisi, 15 Januari

Kikao cha kamati. Nilileta ratiba niliyoitayarisha kwa uangalifu mkubwa. Kufika. Maombi. Utambulisho. Chai. Neno la ukaribisho. Picha. Kutazama Bonde la Kerio. Nyama choma. Chai. Ibada. Gichuru akaisoma kimya, akageuza karatasi nyuma, akaigeuza tena, akauliza kukimbia kuko wapi. Nikamwonyesha pale chini: "Mazoezi, muda ukiruhusu."

Wamboi alicheka mpaka akavua miwani.

Wameondoa chai zote mbili. Wameondoa nyama choma, jambo ambalo sitalisahau. Ibada imebaki kwa sababu hakuna aliyethubutu. Mbio zimewekwa Jumamosi alfajiri, na mimi nikakubali kwa uso wa huzuni, maana ndivyo mpango wangu ulivyotaka.

Baadaye Gichuru akanipa lifti mpaka nyumbani. Tulipofika getini akasema asante kwa kubeba mzigo wa kupanga, anajua si kazi rahisi. Mtu huyu ananichanganya. Mbona asiwe mbaya siku zote, nijue moja?

Jumapili, 18 Januari

Leo nimeaibika. Nitaandika tu.

Ruiru ni tambarare. Mlima wa karibu kwa mtu asiye na gari ni lile daraja la waenda kwa miguu pale Githurai. Nikaenda mchana, nikaanza kupanda na kushuka ngazi. Juu wachuuzi wametandaza bidhaa, soksi, chaja, nyanya, avokado. Nilipanda, nikashuka, nikapanda. Miguu ikaanza kukataa. Nikasema nijitie moyo, nikapuliza filimbi.

Sikujua. Haki ya nani sikujua. Darajani filimbi ina maana moja tu, kwamba kanjo, askari wa kaunti, wamekuja.

Kila mtu alishika pembe za shuka lake, akatupa begani, akaruka. Daraja lote likawa miguu. Na mimi nikakimbia, kwa sababu Githurai ukiona watu wote wanakimbia huulizi kwanza. Nilikimbia kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimpita kijana wa chaja. Tulipofika chini nyuma ya vibanda tukageuka kutazama. Hakuna kanjo hata mmoja. Kisha macho yote yakaja polepole shingoni mwangu, ambapo filimbi ilikuwa bado inaning'inia.

Mama wa avokado ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Akasema mtu mzima kama mimi, baba ya watu, nachezea ugali wa wengine. Avokado zake zilikuwa zimepondeka. Nilizinunua zote, gunia zima, nikawapitia wengine mmoja mmoja kuomba msamaha. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe mama akapoa, akaniuliza filimbi ni ya nini. Nikamweleza habari za Iten. Akanitazama kitambi kwa muda, akasema ataniweka kwa maombi.

Warigia alipoona gunia akauliza. Nikasema ni chakula cha wanariadha.

Jumatano, 21 Januari

Bado avokado. Asubuhi na chapati, jioni na githeri. Mueni, binti yetu, ameomba tumhamishie shule ya bweni.

Tisheti za safari zimefika. Ya Gichuru imemkaa. Yangu imepungukiwa pale katikati.

Warigia siku hizi anaimba nyimbo zangu akiosha vyombo, lakini anazibadilisha. Anakata neno mapema, anavuta lingine. Nikamrekebisha. Akasema hivyo ndivyo pumzi inavyotaka, mtu aitikie wakati mguu unatua, hata mlimani hatachoka. Mwalimu wa nyimbo ni mimi.

Ijumaa, 23 Januari

Tumefika Iten!

Naomba niseme jambo bila hila yoyote. Ni kuzuri. Barabara nyekundu, hewa kali safi, vijana wembamba wanatembea pole pole utadhani hawajui kukimbia. Tulisimama ukingoni, bonde lote liko chini yetu, na Warigia akanishika mkono. Hatujawahi kutoka hivi tangu tuoane, isipokuwa mazishi. Kwa dakika nzima nilisahau kura.

Halafu nikabeba mabegi kupanda kwenye vyumba, na ikabidi nikalie begi.

Mama Jelimo ni mtu mzuri kupita sauti yake. Alitupanga mstari kutusalimia, akafika kwangu, akatazama tumbo, akasema labda mimi ni wa kurusha tufe. Chakula kilikuwa ugali, mboga za managu na mursik, maziwa yao ya kibuyu. Nikauliza kwa sauti ya chini habari ya nyama. Akasema wanariadha walio kwenye maandalizi hawali vitu vizito. Nilijitakia mwenyewe.

Baada ya kula akatangaza mbele ya wote kwamba Kimaiyo atampitia Gichuru alfajiri, kama nilivyoomba. Gichuru akashtuka, kisha akafurahi, akanishukuru kwa macho. Mambo yalikuwa yananyooka. Kisha Mama Jelimo akasema hajawahi kuona mwenyekiti anayetuma mtu mahali ambapo yeye haendi, kwa hivyo amemwambia Kimaiyo atupitie sote wawili.

Nikasema nina goti. Akasema ana dawa ya goti. Kwa kweli alikuwa nayo, na inawasha.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika miguu iko kwenye karai la maji moto.

Kimaiyo aligonga mlango bado giza. Kijana mpole, anasalimia kwa mkono mwepesi. Nje walikuwa wamesimama kimya na majaketi yao, wavulana kwa wasichana. Gichuru akanong'ona kwamba hakutarajia ningekuja kweli. Nikasema mwenyekiti haachi watu wake. Akanitazama kwa heshima. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu tukaanza.

Na walianza pole pole! Walitambaa jamani. Mwendo wa mtu anayepelekea jirani chumvi. Niliwapita wawili. Nikajiambia, kumbe ni hivi tu? Nikapuliza filimbi, nikaita, "Nani amelala?" Hakuna aliyeitikia. Msichana mmoja alinitazama kwa huruma.

Tulipofika mlima wa kwanza, bila mtu kusema neno, waliondoka. Sikuona wakibadilisha mwendo. Nilikuwa nao, kisha nikawa na vumbi lao. Gichuru aliwashika. Niliona tisheti yake ya kijani ikiingia kwenye miti ya misaiprasi na kupotea, na nikafurahi kwa muda mfupi sana, mpaka nikagundua sijui nyumbani ni wapi. Barabara zote nyekundu. Nyua zote za miti. Ng'ombe wote sawa.

Nilitembea. Jua likatoka. Baada ya kona fulani nikamkuta Gichuru amekaa kwenye gogo, kichwa magotini, na saa yake inalia peke yake ikimwambia apumzike. Hii ndiyo picha niliyoipanga tangu siku ile ya simu. Nilisimama nikingoja furaha ije. Haikuja. Alikuwa ametoka rangi kabisa, na midomo imekauka. Nikaketi kando yake. Mfukoni nilikuwa na avokado moja ya Githurai. Tukaigawana, tukaikamua kwa vidole.

Akaniambia jambo. Akasema hana ugomvi na filimbi. Hajui kuimba, basi. Alipojiunga na klabu aliitikia wimbo, sauti ikaenda kombo, mtu mmoja pale mbele akacheka, wengine wakafuata. Tangu siku hiyo huwa anachezesha midomo tu. Alidhani klabu ikinyamaza, atakuwa mtu kama watu wengine.

Simkumbuki aliyecheka. Ni kweli kwamba mbele huwa niko peke yangu, lakini ni zamani.

Niliumia. Nikamwambia "Si sisi" si wimbo, ni kelele, na kelele haina makosa. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akajaribu. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa na kuacha kutafuna. Nikamwambia ni sawa kabisa.

Akaniomba nipulize, huenda mtu akasikia. Nikavuta hewa yote iliyobaki Iten, nikapuliza. Na kutoka ng'ambo ya miti wakajibu, wengi kwa pamoja, "Si sisi!"

Ilikuwa klabu yangu. Walipanda mlima ule ule ulionishinda, mistari miwili, na mbele alikuwa Warigia. Bila filimbi. Anaita, anapiga kofi, mguu unatua, wanaitikia. Hakuna aliyekuwa anahema. Nyuma yao watoto wa hapo, mama mmoja na kibuyu chake, hata wanariadha wawili waliokuwa mapumzikoni, wanacheka na kuitikia. Nikaweka filimbi mdomoni nishike usukani. Pumzi hakuna. Ilitoa kasauti kama birika.

Walitupokea katikati ya mstari. Gichuru aliitikia kwa nguvu zake zote, kombo kabisa, na hakuna aliyecheka isipokuwa watoto, ambao walicheka kila kitu. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa mke wangu. Miaka hii yote nimekimbia mbele yake mpaka kituo cha petroli, sijawahi kumwona kutoka nyuma. Anakimbia vizuri sana. Macho yakajaa maji. Pengine ni hewa.

Jumapili, 25 Januari

Kura ilifanyika ukingoni mwa bonde baada ya ibada.

Gichuru akasimama, akasema anaondoa hoja yake ya kimya. Nyimbo zibaki. Nikainuka kutoa shukrani, nilikuwa nimetayarisha maneno. Kumbe hajamaliza. Akasema yeye anaomba kitu kimoja tu, filimbi ibebwe na mtu anayefika mwisho. Hakusema jina. Wote walimtazama Warigia. Nikamtazama Wamboi, akatazama bonde.

Warigia akasema haichukui mpaka nimpe mimi mwenyewe, kwa hiari. Afadhali angeninyang'anya. Nilisimama pale nikifikiria watoto wa getini na wenye maduka. Kisha nikaivua. Uzi ulikwama sikioni, ikabidi Gichuru anisaidie. Nikamvalisha. Watu wakapiga makofi ambayo mimi sijawahi kupigiwa. Akaninong'onezea, asante, Baba Mueni.

Kwenye basi amelala begani mwangu. Filimbi imenichoma mbavu mpaka Nakuru. Sikuisogeza.

Jumamosi, 31 Januari

Nimefikiria wiki nzima na nimepata jibu. Filimbi inaning'inia kwenye msumari ule ule nyuma ya mlango wetu. Haijatoka kwenye nyumba yangu hata siku moja. Kwa hivyo, ukitazama vizuri, nimeshinda.

Leo nilikimbia nyuma ya Warigia, kando ya Gichuru, ambaye sasa hanyamazi. Nimepita kituo cha petroli kwa miguu yangu. Jamaa wa boda boda aliniita kwa jina, akauliza kama kuna shida nyumbani. Sikufika uwanjani, lakini niliuona.

Kwenye mkutano Warigia akapendekeza tupande Ol Donyo Sabuk wakati wa Pasaka. Nikainua mkono. Kamati. Mwenyekiti, bila kupingwa. Tayari nimeona tatizo ambalo wengine hawajaliona. Msafara wa mlimani unakuwa mrefu, na walio nyuma hawasikii wa mbele. Inahitajika filimbi ya pili, ya nyuma, na mtu mwenye uzoefu wa kukaa nyuma. Sitamwambia mtu mpaka siku yenyewe.

Jioni nikateremkia Githurai kuitafuta. Nimepata ya chuma, ya marefa, kubwa kuliko ile. Lakini mtu hanunui kitu bila kukijaribu. Nikaijaribu hapo hapo niliposimama, na nilikuwa nimesimama darajani.

Warigia amefungua mlango. Ameangalia gunia, ameniangalia mimi. Nikamwambia mama wa avokado anamsalimu. Ameenda kuleta kisu na sahani.